Beseni la Masatu na Muwasho wa Mzee Wambura

Neema na Pendo, najua mlicheka mliposikia nasema nimestaafu. Mstaafu gani ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Chekeni, mkimaliza mkae msome, maana kaunta ni yenu sasa na mimi sirudi. Naacha kwa sababu mtoto wa pili yuko njiani na sitaki azaliwe akinuka dawa ya kupe kama mkubwa wake. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine, na anayesema nimegombana na Mzee Wambura mwambieni aje aniulize mwenyewe, nipo hapahapa Bunda.

Habari za mshahara sitaandika. Mnaujua, ndio huohuo. Wala sitaandika lini nilikabidhiwa funguo na lini nilianza kutumwa Mwanza kufuata mzigo. Nataka kuandika juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya kujikuna. Mtashangaa. Duka letu ni la dawa za mifugo, lakini watu wanaojikuna nimewaona pale kaunta kuliko ng'ombe wagonjwa. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kazi, na muwasho wake nusura umuue. Kwa hiyo hadithi yenyewe ni yake, mimi nimepita tu humo ndani nikipiga kelele.

Nilifika dukani nikitoka kwetu Bugwema, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo siwezi kuyataja mbele ya mtoto. Shangazi yangu anauza nguo sokoni, ndiye aliyesikia kuna mzee anatafuta msichana wa kukaa dukani. Nikaenda na cheti changu kwenye bahasha. Mzee Wambura hakukigusa.

"Kwenu mna ng'ombe?"

"Wapo."

"Ukiona ng'ombe anajikuna kwenye mti, unafanyaje?"

"Namfukuza. Ataangusha mti."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Kesho njoo saa moja," akasema. "Na hizo kucha ziache hukohuko."

Nikaja bila kucha. Siku hiyohiyo ya kwanza nilimuuzia mama mmoja kipimajoto nikamwambia amwekee ng'ombe chini ya ulimi. Mama akaniangalia, akamwangalia Mzee, akasema, "Huyu mmemtoa wapi?" Mzee akamwelekeza kwa Kizanaki mahali kinapowekwa, ili mimi nisipate aibu. Nilielewa kila neno. Kwetu tunaongea Kijita lakini mahali pale panatajwa karibu sawasawa.

Alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu alikuwa hana haraka. Alinifundisha bomba la kunyunyizia linavyozibuliwa bila kupuliza kwa mdomo. Alinifundisha kutofautisha dawa kwa harufu hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Na alinifundisha kuuliza. Mteja akija na ng'ombe anayejikuna, alisema, kwanza mtafute kupe: nyuma ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele. Ukimkuta, uza dawa ya kuogesha. Usipomkuta, usiuze kitu. Mwambie mwenyewe arudi nyumbani amfunue ng'ombe jicho, aangalie mkojo, aangalie kinyesi. Jicho likiwa la njano hiyo ni ndigana baridi, ugonjwa wa ndani, wa damu. "Huyo ukimwogesha," alikuwa anasema, "umemlowesha bure."

Ujana wake wote Mzee aliumaliza kwenye josho, kule kwao Butiama, akiogesha ng'ombe wa vijiji vizima. Josho mnalijua, ule mtaro wa saruji wenye dawa ambao ng'ombe anatumbukia upande huu na kutokea upande ule. Alikuwa anatuhadithia kwamba wakati wao, ng'ombe wa mwisho akishatoka, vijana nao wanaruka humohumo, wanaogelea, wanatoka wamesimama nywele. Chawa, funza, upele, vyote kwisha. Alikuwa anahadithia kwa raha kabisa. Mimi nikawa nacheka, sikufikiria kwamba mtu anaweza kubaki na wazo kama hilo kichwani mpaka uzeeni.

Maana huyohuyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya dawa ile. Sharti la duka mnalijua: dawa ya kuogesha inatoka kwenye chupa yake iliyofungwa, hatupimi, hatugawi, hatutii kwenye chupa ya soda. Watu wanakujaga na chupa za soda kila siku ya mnada. Mnawatambua hivi. Mwenye ng'ombe ukimuuliza idadi, anakutajia na rangi zao. Anayeitaka dawa kwa ajili ya mwili wake hajui ana ng'ombe wangapi. Alikuja kaka mmoja kutoka Kisorya, mtu wa kwenye mitumbwi, akanisogezea kichupa.

"Dada, nipimie kidogo tu hapa."

"Ng'ombe wangapi?"

"Aa, wachache."

"Wachache wangapi?"

"Watatu. Wanne hivi."

"Watatu au wanne?"

Akajikuna shingo. "Na wewe dada unauliza kama polisi."

"Kaka, hiyo ng'ombe yako si ndiyo imevaa shati la bluu?"

Foleni nzima ilicheka, na yeye akacheka, maana shati la bluu alikuwa nalo. Nikamwelekeza duka la dawa za watu. Wengi wao ni upele tu, ule wa kulala wengi kitanda kimoja, unatibika. Lakini inakera. Mtu ana mwili mmoja aliopewa na Mungu, anaupa dawa ambayo hata ng'ombe akiilamba anatetemeka.

Nikaolewa, nikamzaa Masatu. Mzee akasema nisikae nyumbani, nije naye. Kule nyuma ya duka mnakujua, ule uwanja mdogo wenye bomba la maji. Nikaweka beseni la pinki la kumwogeshea mchana, maana Bunda ya kiangazi mtoto anakuwa kama ametolewa kwenye jiko. Mzee akawa anampokea mtoto nikiwa na wateja, anambembeleza kwa nyimbo za kuogesha ng'ombe. Mtoto wangu alijifunza kupiga mluzi kabla ya kusema mama.

Ni katika miezi hiyo nilipoona Mzee amebadilika. Alianza kuvaa mikono mirefu, joto lile. Alikuwa anasugua viganja kwenye ukingo wa kaunta, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi. Anavua viatu anasugua nyayo kwenye kizingiti. Siku moja nikamkuta ameshika ile brashi ya waya tunayosafishia mabomba anajikuna nayo mgongo wa mkono. Nikamwambia, "Mzee, hiyo si ya chuma?" Akasema, "Ndiyo inayofika." Na akawa anakonda. Suruali aliifunga mkanda mpaka tundu la mwisho.

Duka letu liko stendi, na watu wa stendi wana macho. Kinyozi aliye mlango wa pili ndiye alianza. Mtu mzima akijikuna hivyo na kukonda, hapa kwetu jibu linakuwa moja, wanalisema bila kulitaja. "Mzee wako naye vipi, kashaanza vidonge?" Nilimwambia kinyozi aangalie kichwa alichoshika asije akakata sikio. Lakini maneno yalishatoka, na Mzee alikuwa ameyasikia, na mimi nilijua kwamba ameyasikia.

Sasa beseni. Ilikuwa mchana, wateja watatu wanne dukani, Mzee amekaa kwenye kiti chake. Nikaenda nyuma kumwogesha mtoto. Nikafungulia maji kwenye beseni. Yale maji yalipogonga chini yakageuka meupe, yakazunguka pembeni kama maziwa. Mnaijua rangi hiyo. Kuna kitu kimoja tu humu dukani kinachogeuza maji hivyo. Na harufu ikanipanda puani, na mguu wa Masatu ulikuwa umebakiza kidogo tu uguse.

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, lakini ile haikuwa hasira yangu ya kawaida. Nilimfunga mtoto mgongoni akiwa uchi, nikamwaga yale maji kwenye shimo, nikaingia dukani na beseni mkononi nikaliweka juu ya kaunta mbele ya watu.

"Mzee, shikamoo ya asubuhi nilishakupa. Sasa naomba unijibu. Nani ameoga dawa kwenye beseni la mwanangu?"

Mama mmoja aliyekuwa ananunua dawa ya minyoo ya mbuzi akarudisha hela yake kwenye kanga.

"Mama Masatu," Mzee akasema, "punguza sauti."

"Sipunguzi."

"Nilisuuza."

"Ulisuuza," nikasema. "Wewe. Uliyenifukuzia wateja na vichupa vyao. Umesuuza."

Nikawaambia wateja waende wakanywe chai warudi baadaye. Nikavuta mlango. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba naacha kazi siku hiyohiyo. Nikageuka, nikamkuta amekunja mikono ya shati. Mikono yote ilikuwa na mistari, mingine imekauka, mingine mibichi. Lakini upele hakuna. Nilitafuta kwa macho, hakuna kipele hata kimoja, ni kucha zake tu zilizopita.

"Silali," akasema. "Viganja na nyayo ndiyo mbaya zaidi. Nimepaka mafuta yote. Nimemeza vile vidonge vya njano vya mafua, nasinzia huku nawashwa. Mama Rhobi alinichemshia mwarobaini, wakati bado nakwenda nyumbani. Nikaona basi, josho lilikuwaga linamaliza yote."

"Limemaliza?"

"Linapoza kidogo. Halafu inarudi na ndugu zake."

"Hospitali?"

Hapo akaanza kuteremsha mikono ya shati. Kisha akasema, "Nikasemwe? Nimeshasemwa bila kwenda. Nikienda ndiyo itakuwa nimekubali."

"Kwani wewe mwenyewe unaamini ni hiyo?"

"Sijui. Ndiyo maana siendi."

Nilitaka kumpigia kelele nyingine nikashindwa. Mzee yule alinipokea na kipimajoto cha chini ya ulimi. Na nilijua kumwambia aende ni kazi bure, mimi ni wa kumwamkia, si wa kumwamuru. Kwa hiyo nikamuuliza kama alivyokuwa ananiuliza mimi.

"Mzee. Ng'ombe anajikuna. Nifanyeje?"

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Tafuta kupe."

"Sijamwona kupe."

"Nyuma ya masikio?"

"Hayupo. Nimeangalia mwili, upele hakuna."

Alielewa. Akawa anasugua viganja kwenye magoti. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mfunue jicho."

Pale ndani ile taa yetu haionyeshi rangi. Nikamtoa nje uani juani, mtoto mgongoni, nikamshika Mzee Wambura shavu na nikamvuta jicho kwa kidole gumba kama ndama. Lilikuwa la njano. Si njano ya kubahatisha, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

"Mkojo wako rangi gani?"

"Binti yangu."

"Nakuuliza kama ninavyomuuliza mwenye ng'ombe."

Akaangalia ukuta. "Kama chai ya rangi."

"Na choo?"

"Cheupe. Kama ule udongo wa kupakia nyumba."

Nikamwambia la jicho lake. Nilitegemea aogope. Huyu alichangamka. "Basi hiyo ni ndigana baridi," akasema. "Si ule ugonjwa wao. Kuna ile sindano kwenye friji, nichome."

"Nikuchome wapi?"

"Shingoni ndiyo sawa." Na nawaapia alishaanza kugeuza shingo.

"Utachomwa Musoma," nikasema, "na mtu aliyesomea watu."

Nilimpigia simu Mama Rhobi, mke wake, aliyekuwa nyumbani Butiama na ng'ombe. Alikuwa hajamwona mumewe muda, maana Mzee alishaacha kwenda nyumbani mwisho wa wiki, anasema kazi nyingi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Amekufa?"

"Hajafa. Ana macho ya njano. Kesho tunakwenda Musoma."

Nikasikia anaweka ndoo chini. "Mimi nilijua kuna mambo ameniletea."

"Mama, wewe njoo tu."

"Nakuja. Kama ameniletea mambo, nitamkuna mwenyewe."

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa kike, kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Alimuuliza Mzee amepaka nini. Mzee akasema mafuta tu. Nikasema, "Ameoga dawa ya kupe, daktari." Daktari akaweka kalamu chini.

"Ya ng'ombe?"

"Kwani kupe ana nyingine?" Mzee akasema.

Alimweleza vizuri, bila kumdharau, kwamba dawa ile inapita kwenye ngozi, inaingia, inaweza kulegeza mtu mpaka pumzi. Kisha akamfanyia yaleyale niliyomfanyia uani, jicho, maswali ya mkojo na choo, akamgusa tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, Mzee akaguna. Akachukua damu. Ile damu ilipimwa mambo mengi, na ule ugonjwa wa midomo ya stendi ukiwamo. Majibu yalipotoka, hana. Mama Rhobi mpaka hapo alikuwa amekaa kwenye benchi la upande wa pili na mkoba wake mapajani. Alinyanyuka, akavuka, akakaa karibu naye, akamvuta kola ya shati ikae sawa.

Halafu akapimwa tumbo kwa ile mashine ya picha. "Hii si ya wajawazito?" Mzee akauliza. Daktari akamwambia leo ni zamu yake. Akapaka ute wa baridi, akazungusha, akarudia palepale mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Alituambia hivi. Ini linatengeneza nyongo, na nyongo ina njia yake ya kushukia tumboni. Njia ya Mzee imeziba. Nyongo ikikosa pa kwenda inarudi kwenye damu, inasambaa mwilini mzima, na hapo ndipo unapowashwa hata kama ngozi yenyewe haina kosa. Kwa hiyo mafuta yasingesaidia, wala josho. Kilichoziba kinaweza kuwa jiwe. Kinaweza kuwa uvimbe. Kama ni jiwe, linatolewa na habari imekwisha. Kama ni uvimbe, kwa umri wake, akasema, tutakaa tuzungumze tena. Akaandika apelekwe Mwanza, kuna vipimo vikubwa na wapasuaji.

Nilibaki mlangoni nikamuuliza. Mimi nakaa kaunta, nikasema, watu wanakuja wanajikuna, nitamjuaje wa upele na wa ndani. Alinijibu kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wamejaa nje, lakini nayakumbuka. Upele unaonekana na unaambukiza wa nyumba moja. Mtu anayewashwa wiki baada ya wiki, mwili mzima, hana kitu kwenye ngozi zaidi ya alama za kucha, huyo apimwe damu. Inaweza kuwa ini, inaweza kuwa figo, sukari, tezi la shingo, damu yenyewe. Akiwa anakonda, anatoka jasho usiku, ana uvimbe shingoni au kwapani, asingoje. Macho ya njano, asilale, aende. "Na mjamzito wa miezi ya mwisho," akasema, "anayewashwa viganja na nyayo, huyo mpeleke siku hiyohiyo. Hapo anayeumia ni mtoto tumboni."

Siku za kungoja safari ya Mwanza walikaa Kamunyonge, hapohapo Musoma, kwa mdogo wake Mzee, nami nikalala nao ya kwanza. Jioni ile alikuwa anasugua nyayo kwa gunzi la mahindi. Mama Rhobi akampokonya, akamfunga vitambaa vya maji baridi kama daktari alivyosema, akamkata kucha mpaka nyama. Halafu Mzee akaniita. Akaanza kuniambia duka litakuwaje, yule fahali mweusi ni wa nani, mtoto gani asipewe nini.

"Mzee," nikasema, "sikuja kusikiliza wosia. Nina mtoto ananyonya."

"Lazima mtu asikilize."

"Mwambie mkeo."

"Na mimi nina kazi," Mama Rhobi akasema kutoka kwenye maji yake.

Tukacheka wote watatu. Lakini nilipotoka nje kumnyonyesha Masatu kicheko kiliisha. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na kinyozi, na stendi yote, na yule mwenyewe aliyekubali kuliwa na nyongo yake kwa kuogopa kusemwa.

Nikarudi Bunda kufungua duka. Kinyozi akaja na sura ya msibani. "Mzee ndiyo basi tena?"

"Njia ya nyongo imeziba," nikasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa upande wa pili wa barabara waliisikia. "Kipimo chenu kimepimwa, hana. Na kama unataka kujua choo chake kina rangi gani, subiri nitoke nje nikueleze na hao wengine wasikie." Hakutaka kujua. Siku hiyo ndiyo nililitoboa lile beseni la pinki kwa msumari matundu matundu, asije mtu akaliokota. Chombo kilichoingia dawa, wadogo zangu, hakisuuzwi. Kinatobolewa.

Simu ya Mwanza ilikuja nikiwa napima pumba. Ni Mama Rhobi.

"Wamelitoa."

"Nini?"

"Jiwe. Mzee wako alikuwa na jiwe."

"Na uvimbe?"

"Uvimbe hakuna. Nimewauliza mara mbili, wakanikasirikia. Jiwe."

"Anawashwa?"

"Anakoroma. Tangu jana anakoroma. Wenzake wodini wanaomba nimgeuze."

Nilikaa juu ya mfuko wa pumba nikalia mpaka mteja akasema atarudi kesho. Nilimwambia akae hapohapo, pumba zake zinapimwa.

Alirudi mwembamba, weusi wake ukiwa umerudi, na kwenye mzigo wake akaleta beseni jipya la Masatu, kubwa, lenye mfuniko. La njano. Sijui kama alifikiria rangi, na sikumuuliza. Alikaa kwenye kiti chake siku ya kwanza, viganja vimetulia magotini, na mimi nilikuwa navitazama vile viganja kila nikipita. Mtu akilala usiku kucha anabadilika. Alikuwa anachekesha wateja mpaka wanasahau chenji.

Kazi iliendelea, na ile kanuni ya daktari nikaigeuza ya kaunta. Mmoja tu nitamtaja. Alikuja dada kutoka Kisorya, tumbo kubwa, akataka dawa ya unga ya viroboto wa kuku. Nilimuuliza kuku wangapi, akawajua wote, nikataka kumpa. Kisha nikamwona anasugua unyayo mmoja juu ya mwingine kwenye kandambili. "Na wewe unawashwa?" Akasema ni joto tu la mimba, mama mkwe kamwambia ni nywele za mtoto. Sikuuza. Nilimpandisha pikipiki mwenyewe mpaka kliniki, ananilalamikia njia nzima kuhusu kuku wake. Walimlaza, wakamzalisha mapema kidogo. Alinitumia sato wakavu na ujumbe kwamba mtoto ni wa kike na kuku bado wana viroboto.

Ninaloondoka nalo ni hili la juzi kati, kabla ninyi hamjaanza. Alikuja kijana wa bodaboda, mrefu, koti limefungwa mpaka shingoni mchana wa jua kali. Akangoja watu wapungue. Akainama kwenye kaunta, akaniuliza kwa kunong'ona kama ile dawa ya kuogesha inaweza kuchanganywa na mafuta ya kupaka. Kabla sijafungua mdomo nikasikia kiti kinalia nyuma yangu.

Mzee alikuja na fimbo yake, taratibu, akasimama mbele ya kijana. Akaanza kufungua vifungo vya shati. Dukani kulikuwa na watu, mlango wazi, kinyozi amesimama nje na mashine yake. Akafungua vyote, akaachanisha shati, akalionyesha lile kovu kutoka kwenye mbavu kushuka, bado linang'aa.

"Mimi ndiye ninayeiuza," akamwambia. "Nimeoga nayo. Nimeoga nayo kwenye beseni la mtoto, muulize huyu, alinitukana. Unawashwa wapi?"

Kijana akaangalia watu. Watu walikuwa wanaangalia tumbo la Mzee.

"Mwili mzima," akasema. "Usiku siwezi kulala."

"Una upele?"

"Sina."

"Watu wanasemaje?"

Kijana akamtupia jicho kinyozi pale nje.

"Waache waseme, wakichoka watakuja kutazama kovu," Mzee akasema. "Twende nje nikuone jicho, humu ndani mwanga mbaya." Akamshika mkono, shati likipepea, wakatoka wote wawili mpaka juani katikati ya stendi, na akamvuta kope pale mbele ya kila mtu. Jioni ile kijana alikuwa Musoma. Ni figo. Anatibiwa, anaendesha bado, anatupigia honi akipita.

Kwa hiyo Neema, Pendo, mengine mtajifunza wenyewe. Ila Mzee mkimwona anafungua vifungo mbele ya mteja, msimkataze na msimwambie anaaibisha duka. Mpokeeni fimbo, na mmoja wenu asimame mlangoni, maana wateja wengine wanakimbiaga.